Baridi ya Dodoma haiui maua

Ikifika Juni, Dodoma inavaa masweta. Bodaboda wa Nkuhungu wanafunga jaketi mpaka kidevuni, wauza chai wanachangamka, na wenye bustani wanarudia swali lao la kila mwaka: maua yangu yanakauka kwa baridi, niyaingize ndani? Siku hizi swali linakuja na video. Kuna mama huko Uingereza anachimbua viazi vya dalia, anavifunga kwenye magazeti, anasogeza vyungu vyake kwenye kibanda cha vioo, halafu anatundika mbegu zilizogandishwa kwenye mafuta ili ndege wa bustanini wasife njaa. Anayemtazama yuko Ilazo au Kisasa, na wiki hiyo hiyo naye anaanza kuhamisha vyungu. Kufika Agosti vya ndani vimeoza mizizi, vya nje vimekauka, na kwenye sahani ya ndege wametua kunguru.

Mama yule hajakosea. Bustani yake inapigana na adui ambaye Dodoma hayupo, na sisi tuna adui ambaye yeye hajawahi kumwona. Tukishawatenganisha hao wawili, mambo ya ndege nayo yanaeleweka, maana kinachouvusha mmea hapa ndicho hicho hicho kinachomleta ndege.

Tuelewane maneno kwanza

Kipupwe ni msimu wa baridi na ukavu, Juni hadi Agosti. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wake kila mwaka, na taarifa hiyo ikishasambaa ndipo wasiwasi wa bustani unapoanza. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 13 au 14, siku moja moja chini ya hapo, na mchana hupanda tena hadi nyuzi 26 au 27. Kwa mtu aliyehamia kutoka Dar es Salaam hiyo ni baridi kali. Kwa mmea mwingi ni usiku wa kawaida tu.

Sakitu ni kitu kingine kabisa. Ni ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani alfajiri pale joto la usoni mwa ardhi linapofika sifuri. Watu wa Makete, Njombe na uwanda wa Kitulo wanaijua vizuri. Maji yaliyomo ndani ya jani yakiganda hupasua seli zake, na jua likipanda jani linalegea na kugeuka jeusi. Ulaya jambo hilo hutokea usiku baada ya usiku kwa miezi kadhaa, na huko kwingine ardhi yenyewe inaganda. Ndiyo maana kule kuna mimea inayopendeza nje majira ya joto lakini haiwezi kulala nje majira ya baridi. Jeraniamu asili yake ni Afrika Kusini. Dalia ni ya Mexico. Zote mbili zikiachwa kwenye sakitu zinakufa, kwa hiyo zinachimbuliwa au kuingizwa ndani. Dodoma mjini hatuna sakitu. Jeraniamu hapa inaweza kukaa barazani mwaka mzima bila mtu kuihurumia.

Kiangazi, kwa maana ya mazungumzo yetu, ni muda wote usio na mvua. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja: zinaanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, zinaisha Aprili, na jumla yake kwa mwaka mara nyingi ni kati ya milimita 500 na 600. Mei hadi Novemba ni miezi saba. Kipupwe ni kipande tu cha mwanzo cha kiangazi hicho, na si hata kipande kigumu kuliko vyote. Septemba na Oktoba, baridi imeshaondoka na watu wameshavua masweta, ndipo bustani inapopata taabu yake kubwa.

Neno la mwisho ni usingizi wa mmea, yaani hali ya mmea kusimamisha kukua, pengine kubwaga majani yote, na kungoja. Mmea uliolala si mgonjwa. Hili tutalirudia, kwa sababu limeng'olesha miti mingi isiyo na hatia.

Muuaji ni upepo

Wale waliokulia pwani wanaufahamu kusi, upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Upepo huo huo ndio unaofika Dodoma. Tofauti ni kwamba kabla haujafika umeshapita pwani, umepanda milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho, na unyevu wake mwingi umeuacha huko. Unaoteremka upande wa Kongwa na kuja mpaka mjini ni upepo mkavu, na una mbio.

Anika kitenge upepeni siku ya Julai uone kinavyokauka upesi, ingawa kuna baridi. Jani la ua ni kitenge kilichoanikwa ambacho mwenyewe hawezi kukianua. Lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vya kuingizia hewa, na kupitia humo humo maji yanatoka. Upepo mkavu ukipita, maji yanavutwa. Mizizi inatakiwa kuleta mengine kwa kasi hiyo hiyo. Sasa baridi inaingia hapa, ila kwa mlango wa nyuma: udongo wa chungu ukiwa umepoa usiku kucha, mizizi asubuhi inafanya kazi polepole. Juu kunakauka, chini kumezubaa. Jani linaungua kuanzia ncha na kingo, na mwenye bustani anasema baridi imelichoma.

Unaweza kuthibitisha hili mwenyewe bila kifaa chochote. Nenda kwenye mmea uliokauka Julai uangalie upande. Mara nyingi utakuta majani ya mashariki na kusini yamekuwa ya kahawia na kupasuka, na ya magharibi, yaliyojificha nyuma ya shina au ukuta, bado ni ya kijani. Baridi haina upande. Ingeupiga mmea mzima. Mgomba ndio unaoeleza vizuri zaidi: jani lake linachanwachanwa kama limepitiwa na kitana, na kila mchano unaongeza ukingo wa kukaukia.

Haina maana kwamba baridi haihusiki hata kidogo. Mgomba wenyewe unakaribia kusimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 16. Mpapai unakuwa mnyonge. Mrehani unaanza kupata madoa meusi usiku ukikaribia nyuzi 10. Okidi na anturiamu zilizoletwa kutoka Dar huumia, ingawa hata hizo zinalilia zaidi unyevu wa hewa kuliko joto. Kuna mfano mmoja ninaoupenda, wa lile ua dogo la zambarau linalopangwa madirishani Ulaya nzima na ambalo Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara. Asili yake ni misitu ya milima yetu ya mashariki. Afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892. Ni Mtanzania huyo, lakini mlete Dodoma umweke barazani Agosti: hamalizi mwezi. Amezoea ukungu wa msituni, siyo kusi iliyokwisha kamuliwa.

Wapi pa kuweka vyungu

Kabla ya kuingiza kitu ndani, zunguka nyumba. Dodoma iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini unaota jua karibu mchana kutwa na usiku unalirudisha joto hilo taratibu. Kona ya kaskazini-magharibi ina faida mbili: ina joto, na nyumba yenyewe imeikinga na upepo. Hapo ndipo pa kupeleka mrehani, okidi na chochote kinachojikunyata. Kona ya kusini-mashariki iachie mshubiri na bogenvilia.

Ukitaka kuzuia upepo kwenye eneo la wazi, usifikirie ukuta wa matofali kwanza. Upepo ukigonga kitu kizima unaruka juu yake na kuanguka upande wa pili ukizunguka, mara nyingine kwa nguvu zaidi. Ua wa vichaka, mabua ya mtama yaliyofungwa kwenye fito, au ile neti nyeusi ya kivuli inayotumika kwenye vitalu vya miche, vinauacha upite kidogo na kuupunguza mbio. Hicho ndicho kinachotakiwa.

Ndani ya nyumba ni uamuzi wa mwisho, na ukiufanya badilisha na umwagiliaji. Chungu kilicho sebuleni, hakina upepo na mwanga ni hafifu, kinatumia maji kidogo mno. Kikiendelea kupewa kikombe kile kile cha kila siku, mizizi inakosa hewa na kuoza. Hapo ndipo panapotoka ushauri unaogongana, mmoja anasema kipupwe punguza maji na mwingine anasema ongeza. Wote wako sawa: kilichofichwa kipunguzie, kilicho upepeni kiongezee. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukigusa unyevu, kiache.

Na kwa kuwa tumeingia ndani: hapana, maua ya chumbani hayatakumalizia hewa usiku. Ni kweli gizani mmea unatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, lakini kiasi chake ni kidogo kuliko cha mtu mmoja aliyelala pembeni yako, na hakuna anayemfukuza mume au mke kwa sababu hiyo. Kinachoua watu vyumbani wakati wa kipupwe ni jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kuleta joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Afadhali blanketi la pili.

Mti umekufa au umelala?

Franjipani, ule mti wa maua meupe yenye kitovu cha njano unaopandwa sana hotelini, Julai unabaki vijiti vinene vilivyo uchi. Mbuyu hivyo hivyo. Waridi la jangwani linaacha majani yote na kukaa na shina lake nene lililojaa maji. Hiyo ndiyo akili ya nyanda kavu: jani ni mlango wa kupotezea maji, basi linafungwa. Mtu aliyezoea bustani ya Moshi au Bukoba, ambako kila kitu ni kijani mwaka mzima, anaona mti umekufa, anaumwagilia ndoo mbili kila siku ili uzinduke, na kwa kufanya hivyo anaozesha mizizi ya mmea uliokuwa salama.

Kwaruza gome kwa ukucha, pahali padogo tu karibu na ncha ya tawi. Chini ya gome kukiwa na kijani chenye unyevunyevu, mmea uko hai. Kukiwa na kahawia kavu, teremka chini kidogo ukwaruze tena, maana tawi linaweza kuwa limekufa na shina likawa zima. Usikate tamaa wala usishike panga mpaka umefika chini kabisa.

Wakulima wa zabibu wa Makutupora, Mpunguzi na Hombolo wanaujua usingizi huu kwa mkono. Mzabibu kwao ulikotoka hulazwa na baridi ya majira ya baridi: unabwaga majani, unapumzika, kisha unachipua. Baridi ya Dodoma haitoshi kuulaza. Kwa hiyo mkulima anaulaza na kuuamsha yeye mwenyewe, kwa kupunguza maji na kwa mkasi. Baada ya kupogolewa, unachipua na kuzaa. Ndiyo sababu hapa zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, wakati kule kwao ni mara moja. Mmea ambao Ulaya unavushwa kwenye baridi, hapa unapangiwa ratiba na binadamu.

Bogenvilia nayo inashangaza wengi. Ukiipa maji mengi inatoa majani. Ukiiacha na kiu kidogo inalipuka rangi. Ikiwa yako ni kijani tupu Agosti na ya jirani asiyejali bustani inawaka zambarau mpaka barabarani, umepata jibu lako, na jirani usimwonee wivu.

Maji machache yafanye kazi

Kwenye mji wenye mgao, hakuna anayeweza kumwagilia kila kitu miezi saba. Uzuri ni kwamba tatizo kubwa si kiasi cha maji unayomwaga, ni kiasi kinachobaki. Jembe la kwanza ni matandazo: majani makavu, mabua ya uwele, nyasi zilizofyekwa, vikatandazwa kwenye udongo kuzunguka mmea kwa unene wa kiganja kilicholazwa. Udongo unakingwa na jua na upepo, na usiku haupoi sana. Ila Dodoma kuna mchwa, nao matandazo kwao ni karamu. Acha nafasi ya shubiri moja wazi kuzunguka shina, na kila baada ya siku chache yafunue uone kama wamejenga. Nimeona mche wa mwembe uliotandikwa vizuri kabisa mpaka shingoni. Ukiushika unakuja mkononi, gome limeliwa pande zote chini ya majani.

Chimba kisahani kuzunguka kila mmea, maana udongo wetu ukikauka unaweka gamba na maji yanateleza juu yake kwenda kwa jirani. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi. Kikombe kila siku kinalowesha vidole viwili vya juu tu, na mizizi inabaki huko huko juu ambako jua litaikuta. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imetobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kufukiwa ikiwa imeinamishwa chini, inafanya kazi nzuri kuliko mpira.

Kumwagilia mchana hakuchomi majani, kinyume na wanavyosema wengi. Maji yanapotea hewani tu, basi. Madoa unayoyaona baada ya hapo mara nyingi ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na tone likikauka juu ya jani linaiacha hapo. Angalia pia ukingo wa chungu cha udongo kilichokaa muda mrefu: kuna utando mweupe unaosagika ukiusugua kwa kidole. Hiyo ni chumvi inayorundikana, na inaifanya mizizi ishindwe kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Mara moja kwa mwezi mimina maji mengi mpaka yatiririke chini, yaondoke nayo. Kama ulikinga mvua ya Aprili kwenye simtenki, haya ndiyo matumizi yake. Maji ya kufulia nguo yana sabuni na chumvi zake; ya kusuuzia mara ya mwisho yanafaa, yale ya kwanza yamwage mbali na maua.

Ndege wanataka nini

Sasa turudi kwa yule mama na mbegu zake za mafuta. Majira ya baridi Ulaya wadudu wanapotea, theluji inafunika mbegu, siku ni fupi. Ndege mdogo akilala bila kushiba anaweza kufa usiku huo huo. Chakula ndicho kinachomwokoa.

Dodoma ya Juni imejaa mbegu. Nyasi zimekauka zikiwa na masuke yake, mashamba ya uwele na mtama yamevunwa yakaacha mabaki, na ndege wala mbegu wako kwenye neema. Kinachokosekana ni maji. Madimbwi ya Mei yamekwisha, korongo ni mchanga mtupu. Ndege anayekula mbegu kavu lazima anywe karibu kila siku. Anayekula wadudu au matunda anapata sehemu ya maji ndani ya chakula. Kwa hiyo sahani ya maji itakuletea tetere, chiriku, kwera na vile vindege vidogo vya rangi ya samawati vinavyotembea viwili viwili, kwa haraka kuliko mfuko mzima wa mtama.

Chombo kiwe kipana na kina kifupi, sentimita tatu hivi, na ndani uweke jiwe la kusimamia. Sahani ya chungu cha maua inatosha. Kiweke hatua tatu au nne kutoka kwenye kichaka chenye miiba: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kutoweza kuvizia. Maji yabadilishwe kila siku na chombo kisuguliwe kwa brashi. Mbu anahitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo sahani inayomwagwa kila siku haizalishi mbu hata mmoja; inayosahauliwa ni kitalu. Maji hayo ya jana usiyapoteze, yamalizie kwenye kisahani cha mrehani. Ukikaa ukatazama, utaona tetere anazamisha mdomo na kufyonza mfululizo bila kuinua kichwa, wakati chiriku anachota tone, anainua shingo, analiacha liteleze, anarudi tena.

Tahadhari ni nyuki. Septemba na Oktoba nao wana kiu, na watakuja. Chombo kikae mbali na mlango, mbali na mbuzi na mahali watoto wanapochezea. Na usiweke maji ya sukari kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, kwa sababu umeona Wamarekani wanatundika chupa nyekundu. Wale wana ndege wao wengine, na hapa utakusanya nyuki wa mtaa mzima. Chozi mpandie mshubiri. Mishubiri mingi ya nyanda hizi inachanua wakati wa kiangazi, maua mekundu na ya chungwa juu ya bua refu, na haihitaji maji yako wala kuhamishwa popote.

Kuna jambo moja ambalo najua litapingwa na mama wenye nyumba: acheni kona moja bila kufagia. Uwanja uliofagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana ni fahari yetu, na majani yaliyokusanywa huishia kuchomwa moto. Majani hayo ndiyo matandazo yaliyozungumzwa hapo juu, na chini yake ndiko waliko wadudu ambao ndege wachakuraji wanawatafuta. Kuyachoma ni kuchoma mara mbili.

Wageni utakaowapata hapa wengine hawapatikani popote duniani. Kwezi wa kijivu, mwenye mkia mrefu na jicho jeupe, asili yake ni Tanzania tu, na kwake hasa ni nyanda hizi za kati na Tarangire. Kasuku wadogo wa shingo ya njano na kichwa cheusi nao ni wa nyanda kavu za Tanzania; wanatagia kwenye matundu ya mibuyu na miti mikubwa mingine. Ukikata mbuyu mzee uliotoboka umebomoa nyumba zao, hata kama umepanda miche kumi ya mapambo badala yake. Na wakitua kwenye sahani yako, waache hapo hapo. Kumkamata ndege wa porini na kumfuga tunduni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Mambo yanayosemwa

Ukilisha ndege utaleta kwelea kwelea. Hofu hii ina msingi, kwani Dodoma inalima uwele na mtama, na kundi la kwelea kwelea linaweza kumaliza shamba. Lakini makundi hayo huongozwa na nyasi na nafaka iliyokomaa kwenye eneo kubwa, hayavutwi na sahani ya Area D. Hata hivyo ukiwa Nzuguni au Ihumwa, jirani yako ana mtama unaokomaa, usimwage nafaka uani. Weka maji tu. Ujirani kwanza.

Ndege wa porini wanaua kuku. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinaweza kubebwa na njiwa na ndege wengine, kwa hiyo wasinywe chombo kimoja na kuku wako, na chanjo ya kuku ifuate ratiba. Hapo hakuna mjadala.

Vichaka na ndege vinaleta nyoka. Nyoka anafuata panya, panya anafuata ugali, wali na nafaka iliyomwagwa. Makombo ndiyo yanayoleta pia kunguru, hasa yule wa Dar mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na anayeendelea kusambaa bara. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Usiweke makombo, na vichaka vipunguze matawi ya chini kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka ardhini ili uone kilicho chini yake.

Bundi akitua kwenye paa kuna msiba. Bundi akitua kwenye paa kuna panya. Anayemfukuza kwa mawe anawaachia panya ghala lake la uwele.

Halafu kuna pasa, wale wa kijivu wenye mkia mrefu wanaoning'inia makundi kwa makundi. Hao ni waharibifu kweli, wanakula machipukizi na mapapai, na sina la kuwatetea. Funika tunda kwa mfuko wa neti.

Mvua ikianza

Watu wengi hupumzika mvua ya kwanza ikinyesha, na hapo ndipo panapohitaji jicho. Mimea iliyokuwa kivulini miezi minne ukiitoa ghafla kwenye jua la Novemba, ambalo ndilo kali la mwaka, inaungua majani siku moja. Itoe saa za asubuhi tu kwa wiki moja, kisha uongeze. Mbolea yenye naitrojeni ambayo hukutakiwa kuiweka wakati mmea umelala, sasa ndio wakati wake. Matandazo yaliyobaki yachanganye na udongo.

Kwa ndege wala mbegu, hizi ndizo wiki za njaa, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mvua ikilowesha ardhi, mbegu zote zilizokuwa zimelala chini zinaota kwa pamoja, na zikishaota si chakula tena. Nyasi mpya hazitakuwa na mbegu mpaka baada ya wiki kadhaa. Ukitaka kweli kulisha, lisha hapa: konzi ya uwele au ulezi asubuhi, kiasi kitakachokwisha kabla ya saa nne, kisichobaki kikawa cha panya. Ndege wanaokula wadudu hawana shida wakati huo, kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu na kila mwenye mdomo anakula.

Na katika wanaokula hao kuna mbayuwayu waliotoka Ulaya, wenye uzito wa gramu 20 hivi, waliovuka Sahara. Huanza kuonekana Oktoba na huondoka Machi na Aprili. Yule mama wa Uingereza anapoingiza jeraniamu ndani, hawa wameshaikimbia baridi yake, wako hapa juu ya nyaya za umeme. Hawashuki kwenye sahani, wanakunywa wakiruka juu ya maji mapana ya aina ya bwawa la Hombolo. Kuwatengenezea makao huhitaji. Inatosha usipulize dawa za wadudu kwenye bustani kila unapoona jani lenye tundu.